Nimebakiwa na milioni 38, viza ya wastaafu ya Thailand inataka 64

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kimara. Mimi ni mama mjane mwenye umri wa miaka 62. Nimefanya kazi ya uuguzi serikalini kwa miaka 34 na nikastaafu kwa mujibu wa sheria mwaka 2023, nilipotimiza miaka 60. Mkupuo wangu ulikuwa shilingi milioni 53, na pensheni yangu ya kila mwezi ni shilingi 726,000. Katika mkupuo ule nilimalizia paa na dari ya nyumba niliyoijenga na marehemu mume wangu, nikamlipia mtoto wangu wa mwisho ada ya mwaka wake wa mwisho chuoni, na milioni 38 zilizobaki nimeziweka benki kwenye amana ya muda maalumu. Uani nina vyumba viwili vyenye wapangaji, na kila mmoja hunilipa shilingi 120,000 kwa mwezi. Nina pia kiwanja Kibaha ambacho dalali anasema hakitakosa mteja wa milioni 18.

Binti yangu mkubwa anafundisha katika shule moja jijini Bangkok, na mume wake ni mwalimu pia. Wana watoto wawili. Mdogo ana mwaka mmoja na nusu, na kila Jumapili tunapoongea kwa video huinua mikono yote miwili kuelekea kwenye simu ili nimbebe, halafu huangua kilio kwa sababu simbebi. Nimewalea watoto wa wenzangu wodini maisha yangu yote, na huyu wangu sijawahi hata kumgusa.

Binti ananieleza kwamba ipo viza ya wastaafu inayomruhusu mtu wa umri wangu kuishi kule mwaka mzima na kuongezewa muda kila mwaka, mradi awe na baht 800,000 katika benki ya kule au mapato ya baht 65,000 kwa mwezi. Kwa kukadiria shilingi 80 kwa baht moja, hizo ni shilingi milioni 64. Nikijumlisha akiba yangu na bei ya kiwanja napata milioni 56, kwa hiyo ninapungukiwa na milioni 8.

Jirani yangu alinileta kwa kijana mmoja anayesema ni wakala wa viza, mwenye ofisi Kariakoo. Kijana huyo aliniambia nisihangaike. Nikimpa shilingi milioni tatu na nusu, watu wake wa Bangkok watajaza pengo hilo kwenye akaunti yangu hadi viza ipatikane, kisha watachukua fedha zao. Aliniandikia hesabu yote nyuma ya risiti ya dukani, na aliponikabidhi akasema, "Mama, hizi ni fedha za kuonyesha tu."

Kaka yangu kwa upande wake ananishauri niiuze kabisa nyumba ya Kimara ili nisihitaji msaada wa mtu, na kwamba Thailand ikishindikana nijaribu Ulaya. Mtoto wangu wa mwisho hataki kusikia habari ya kuuza nyumba. Je, niuze kiwanja na kumkubalia huyu kijana? Je, pensheni yangu haiwezi kuhesabiwa? Na nikishafika, naweza kufanya kazi ya kuwauguza wazee majumbani ili nipate fedha kidogo? Nina presha, na dawa zangu nazipata kwa kadi ya NHIF.

Muuguzi mstaafu, Kimara, Dar es Salaam


Mama yangu, shikamoo.

Nianze na jibu lenyewe, kwa kuwa najua dalali wa kiwanja na kijana wa viza wote wanasubiri neno lako. Usimpe kijana huyo hata shilingi moja, na kiwanja cha Kibaha usikiuze kwa ajili ya safari hii. Hamu yako ya kumbeba mjukuu ni ya haki, na ipo njia ya kuitimiza bila kuchelewa, lakini njia hiyo si viza ya wastaafu kwa fedha ulizo nazo leo.

Viwango alivyokutajia binti yako ni sahihi. Ruhusa hiyo hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 50, na fedha zinaweza kuthibitishwa kwa njia tatu, wala si mbili. Kuna amana ya baht 800,000, kuna mapato ya baht 65,000 kila mwezi, na kuna kuchanganya mapato ya mwaka na amana hadi jumla yake ifike baht 800,000. Uliuliza kama pensheni inahesabiwa. Inahesabiwa, ila kwa njia ya mapato peke yake haitoshi hata kidogo: pensheni yako na kodi ya wapangaji wawili kwa pamoja ni shilingi 966,000, yaani kama baht 12,000, ambazo hazifiki moja ya tano ya kiwango kinachotakiwa.

Njia ya tatu ndiyo ninayotaka tuitazame kwa makini, kwa sababu usipoelezwa na mimi utaelezwa na mtu mwenye nia nyingine. Pensheni yako ya mwaka mzima ni shilingi 8,712,000, ambazo kwa kadirio lako la shilingi 80 ni baht 108,900. Ukiziondoa kwenye 800,000, amana inayobaki kutafutwa ni baht 691,100, sawa na shilingi 55,288,000. Wewe ukiuza kiwanja utakuwa na milioni 56. Kwa hiyo kwenye karatasi pengo la milioni 8 linaweza kuzibwa na pensheni yako mwenyewe, na yule kijana alikuwa anataka kukuuzia kwa milioni tatu na nusu kitu ambacho pengine hukukihitaji.

Hata hivyo, mama, usifurahie hesabu hiyo. Inakuachia shilingi 712,000 kabla hujakata tiketi, hujamlipa dalali wa kiwanja wala kodi ya mauzo kule TRA. Tena imesimama juu ya shilingi 80 kwa baht, na wewe akiba yako iko katika shilingi. Katikati ya mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,600 na kabla ya mwaka kwisha ikashuka chini ya 2,500; shilingi yetu hupanda na kushuka kiasi hicho ndani ya miezi michache. Baht ikipanda kutoka shilingi 80 hadi 85 tu, amana ile ile itakugharimu zaidi ya milioni 58, nawe utakuwa umeshauza kiwanja na kuivunja amana yako ya hapa.

Sasa nirudi kwenye yale maneno ya fedha za kuonyesha tu, kwa sababu hapo ndipo wastaafu wengi wanapopotoshwa, na ndiyo maana nimeamua kuijibu barua yako kwa urefu. Fedha hizi hazionyeshwi siku moja zikaondoka. Anayeomba kuongezewa mwaka kwa njia ya amana kamili anatakiwa baht 800,000 ziwe zimekaa katika akaunti ya benki ya Thailand, kwa jina lake peke yake, miezi miwili kabla ya kuomba. Akishapewa, zikae tena kwa ukamilifu miezi mitatu. Baada ya hapo anaruhusiwa kuzigusa, lakini salio lisishuke chini ya baht 400,000 wakati wowote, na miezi miwili kabla ya ombi linalofuata ziwe zimerudi kuwa 800,000. Ukihesabu utaona kwamba katika miezi 12 anao uhuru wa miezi saba tu, tena juu ya nusu ya fedha zake, na hiyo nusu lazima airudishe. Mwaka unaofuata mzunguko unaanza upya, na unaendelea hivyo kwa muda wote atakaoishi kule.

Kwa hiyo usijiulize kama unaweza kuzifikia milioni 64. Jiulize kama unaweza kuziweka milioni 64 mahali, ukaishi miaka mitano au kumi kana kwamba hazipo, na ukala, ukatibiwa na kusafiri kwa fedha nyingine kabisa. Mwenye fedha hizo nyingine, viza hii inamfaa sana. Wewe fedha zako nyingine ni pensheni na vyumba viwili vya uani, na vyumba hivyo mpangaji akihama au bomba likipasuka vinageuka kuwa matumizi.

Kuhusu wale watu wa Bangkok wa kujaza pengo, nakuomba uifikirie akaunti yenyewe. Itakuwa kwa jina lako, na ndani yake kutakuwa na milioni 56 zako na milioni 8 zao. Mtu aliyeweka milioni 8 zake kwenye akaunti ya mgeni asiyemfahamu hatakubali kukaa mikono mitupu. Atataka ashike kitabu cha benki, au kadi, au namba ya siri, na akishavishika amezishika na za kwako. Siku ya kuomba, uhamiaji wa kule hutaka barua ya benki pamoja na kitabu chenye miamala iliyochapishwa hadi siku hiyo, na ofisa akiona fedha zimeingia kutoka kwa mtu usiyeweza kumweleza, atakayeulizwa ni wewe. Ikibainika kwamba fedha zilikuwa za kuazima, unaweza kunyimwa ruhusa, na ukishaingia kwenye kumbukumbu zao kama mdanganyifu unaweza kufungiwa hata mlango wa kwenda kutembea.

Kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi benki kwa miaka mingi, na nimewahudumia wastaafu waliokuja kaunta na mtu pembeni yao. Ukiuliza kiasi, anajibu yule wa pembeni. Ukiuliza sababu ya kutoa fedha, anajibu yule wa pembeni. Mwenye fedha anatazama kalamu iliyofungwa kwa uzi pale kaunta, akisubiri kuonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Kuna mzee mmoja ambaye hadi leo namkumbuka kwa shati lake la kitenge lililopigwa pasi vizuri, na nasikitika kwamba siku ile sikumwomba yule mwenzake atupishe kidogo ili tuzungumze sisi wawili. Ndiyo maana nazungumza na wewe sasa bila kuficha.

Kazi ya kuwauguza wazee majumbani uiondoe kabisa kwenye mipango. Ruhusa ya wastaafu haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya saa chache, hata ya malipo ya mkono kwa mkono. Kumlea mjukuu nyumbani kwa binti yako si ajira na hakuna atakayekuuliza, lakini kulipwa kwa kumhudumia mzee wa jirani kunaweza kukurudisha nyumbani kwa aibu ambayo mtu wa heshima yako hastahili.

Kuhusu afya, wewe ni mtaalamu kuliko mimi, hivyo nitasema machache. Kadi ya NHIF haitakulipia hospitali ya Bangkok. Kuna daraja la viza, O-A, ambalo mtu huliombea akiwa bado kwao na kupewa mwaka mzima tangu mwanzo. Hilo hutaka bima ya afya yenye kinga ya baht milioni 3, hati ya tabia njema kutoka polisi, na cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba huna ukoma, kifua kikuu, matende, uraibu wa dawa za kulevya wala kaswende ya hatua ya tatu. Daraja la O, ambalo huanza na siku 90 kisha likaongezwa kuwa mwaka, halilazimishi bima hiyo, na mawakala hulisifia kwa sababu hiyo. Lakini presha haijui daraja la viza. Mwenye miaka 62 na presha anapoomba bima binafsi, kampuni ama humtoza zaidi ama huuondoa ugonjwa huo kwenye kinga, na wewe umekaa wodini miaka 34, unajua kiharusi kimoja kinamaliza akiba ya familia kwa muda gani.

Kaka yako namheshimu, na naamini anakutakia mema, lakini katika hili sikubaliani naye. Nyumba ya Kimara ndiyo sehemu pekee ambayo hakuna ofisa wa nchi yoyote anayeweza kukuambia muda wako umekwisha. Ulaya nayo si rahisi kama inavyosemwa kwenye vikao vya familia. Uhispania humtaka mstaafu mgeni aonyeshe euro 2,400 kwa mwezi. Ureno ni nafuu, lakini bado huanzia kwenye kima cha chini cha mshahara wa nchi hiyo, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 870. Uingereza ilifunga mlango wake wa wastaafu mwaka 2008, na Marekani haina viza ya namna hiyo. Hata Panama, inayosifika kwa kuwapokea wastaafu, hutaka pensheni ya maisha ya dola 1,000 kwa mwezi, wakati mapato yako yote kwa pamoja hayafiki dola 400. Sisemi hivi kukudharau, mama. Pensheni yako ni ya haki na umeifanyia kazi. Viwango hivi viliwekwa kwa kuwafikiria wastaafu wanaolipwa kwa dola na euro.

Sasa njia ninayokushauri. Nenda kwa viza ya utalii. Thailand huitoa kwa siku 60, maombi hufanywa kwa mtandao, na ukiwa kule unaweza kuomba nyongeza ya siku 30 kwa ada ya baht 1,900, kwa hiyo utakuwa na wajukuu kwa miezi mitatu. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa anayetoka Tanzania hukaguliwa cheti hicho anapofika. Beba dawa zako za presha za miezi yote mitatu zikiwa kwenye vifungashio vyake vya asili pamoja na barua ya daktari, na ukate bima ya safari hata kama ni ya kiwango cha kawaida. Ukiweza kuchagua, nenda kuanzia Novemba, kwa sababu kuanzia hapo hadi Februari joto la Bangkok hupungua kidogo. Tiketi ilipwe kwa riba ya amana yako na mchango wa binti na mkwe wako, na zile milioni 38 zenyewe zikae palepale zilipo.

Ukiwa kule, fanya uchunguzi ambao hauwezi kufanyika kwa simu. Tazama kama nyumba yao ina nafasi ya mtu wa kudumu. Tazama kama utaweza kukaa mchana kutwa katika mtaa ambao hujui lugha yake, watoto wakiwa shuleni na wazazi wao kazini. Binti yako naye aende ofisi ya uhamiaji aulize kama kibali chake cha kazi kinamruhusu kumweka mzazi chini yake kama tegemezi, jambo ambalo lingekuondolea mzigo wa amana ya wastaafu.

Kama baada ya miezi hiyo wote mtaona kwamba mahali pako ni kule, basi mnaweza kuizungumzia upya viza ya wastaafu, na katika hali moja tu ningeiunga mkono: binti yako na mume wake wakupe wewe amana hiyo, yote au sehemu kubwa yake, kama zawadi halisi ambayo hawataidai wala kuihitaji. Hilo ni tofauti kabisa na fedha za kuazima kwa wakala, kwa sababu zitakuwa zako kweli na zitakaa. Lakini nalo lina mambo ya kupanga mapema. Fedha hizo zikiwa kwa jina lako peke yako, siku ukiitwa na Mungu benki haitazitoa hadi mahakama ya kule imteue msimamizi wa mirathi, kwa hiyo wosia uandikwe mapema. Utatakiwa kutoa taarifa ya makazi yako uhamiaji kila baada ya siku 90. Na kila unapotoka nchini, uwe umechukua kwanza kibali cha kurudi, ambacho ni baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila kibali hicho, ruhusa yako ya mwaka inakufa papo hapo. Nakisisitiza kwa kuwa najua siku utakayopigiwa simu ya msiba kutoka nyumbani hutakuwa na akili ya kukumbuka karatasi. Vilevile usisahau uhakiki wa wastaafu wa mfuko wako wa pensheni, kwa sababu anayepitwa nao hujikuta malipo yamesimama akiwa mbali.

Jumapili hii, mkishamaliza kuongea na watoto, mwombe binti yako na mkwe wako wabaki kwenye simu. Waambie umeamua kwenda kuwatembelea kwa miezi mitatu, na uwaulize wanaweza kuchangia kiasi gani cha tiketi. Ile risiti yenye hesabu ya kijana wa Kariakoo wasomee pia, ili wajue ulikuwa umefikishwa wapi.